Amritsar: Jiko Lililotangulia Hekalu

Mgeni anayepanga siku mbili za Amritsar, kaskazini mwa India, kwa kawaida huanza na Hekalu la Dhahabu, kisha ndipo akaulizia pa kula. Historia ya mji ingemwambia aanzie jikoni. Bwawa lililoupa mji jina lake lilianza kuchimbwa mwaka 1577, wakati wa Guru Ram Das, kiongozi wa nne wa Masikh. Kufikia hapo Guru Nanak, mwasisi wa dini ya Sikh, alikuwa amefariki miaka 38 kabla, na langar, yaani jiko la bure alilolianzisha, lilikuwa likilisha watu muda wote huo.

Katika Punjab ya wakati ule mtu alijua tangu utotoni nani anaweza kula naye na nani hawezi. Tabaka ndilo lililoamua. Kuwaketisha mkulima, mfanyabiashara na mfagiaji kwenye mkeka mmoja, wakipakuliwa kutoka chungu kimoja, lilikuwa jambo zito kuliko mahubiri mengi. Guru wa pili, Angad, aliliendeleza jiko hilo pamoja na mkewe, Mata Khivi, ambaye anasifiwa ndani ya Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masikh, kwa wali wake wa maziwa uliotiwa samli. Ni kitabu gani kingine kitakatifu kinachomkumbuka mpishi kwa chakula chake? Guru wa tatu, Amar Das, akaweka sharti: anayetaka kuonana naye ale kwanza pamoja na wengine. Masimulizi ya Masikh yanasema hata Akbar, mfalme wa dola ya Mughal, alikaa chini akala.

Hekalu lenyewe lilijengwa na Guru wa tano, Arjan, likawa na milango pande zote nne, na mwaka 1604 maandiko matakatifu yakawekwa ndani. Majeshi ya Ahmad Shah Durrani kutoka Afghanistan yalilibomoa mwaka 1762. Likajengwa tena, na katika karne ya 19 Maharaja Ranjit Singh akalivika dhahabu.

Leo langar ya hapo hulisha makumi ya maelfu ya watu kila siku, mchana na usiku, na hakuna anayeulizwa dini yake. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unachukua sahani na kuketi kwenye mstari. Chapati hupokewa kwa mikono miwili. Kuna adesi, mboga, na mara nyingi wali wa maziwa. Nyama haipikwi, ili asiwepo wa kukataa. Wanaopika na kuosha vyombo wengi ni watu wa kujitolea, na mgeni anakaribishwa kusaidia. Ningekushauri ubaki nusu saa umenye vitunguu saumu na akina mama waliokaa chini. Utaielewa dini hii kuliko ukisikiliza maelezo ya mtembeza watalii.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Jallianwala Bagh. Tarehe 13 Aprili 1919, siku ya sikukuu ya Vaisakhi, Jenerali Dyer wa jeshi la Uingereza aliamuru askari wake wafyatulie risasi umati uliokusanyika ndani ya kiwanja kilichozungushiwa kuta. Serikali ya kikoloni ilikiri vifo 379. Chama cha Congress kilikadiria watu 1,000. Alama za risasi bado zimo ukutani. Tena usisahau kwamba hekalu lenyewe lilipigwa Juni 1984, jeshi la India lilipolivamia likiwasaka wapiganaji wenye silaha. Jengo la Akal Takht, lililomo katika eneo la hekalu, liliharibiwa vibaya.

Siku ya pili iachie mitaa ya mji wa kale, kwa kuwa huko historia ya 1947 inalika. Mpaka wa India na Pakistan ulipochorwa, Lahore ikabaki upande wa pili, kilomita 50 hivi tu, na mamilioni ya watu wakahama kutoka pande zote mbili. Wapishi walihama pia. Kesar Da Dhaba, mkahawa ambao dali yake nyeusi huchemka polepole kwa saa nyingi, ulianzia Sheikhupura mwaka 1916 kabla ya kuhamia Amritsar. Jumba la Makumbusho ya Mgawanyiko, lililomo katika jengo la zamani la halmashauri ya mji, litembelee kabla ya kwenda kula Kesar.

Asubuhi ni ya kulcha, mkate wa tanuri la udongo uliojazwa viazi na kuliwa na dengu. Mchana kunywa lassi, kinywaji cha maziwa mgando, ukijua kwamba bilauri moja ni mlo mzima. Jioni tafuta samaki aliyepakwa unga wa dengu na ajwaini kisha akakaangwa. Nenda kati ya Novemba na Februari, majani ya haradali yanapopikwa na kuliwa na mkate wa mahindi.

Asiye na nauli ya kufika India ana Makindu, nchini Kenya, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa. Wapunjabi wengi walikuwa miongoni mwa vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga reli ya Uganda kuanzia 1896, na hekalu la Masikh hapo lilijengwa mwaka 1926. Msafiri yeyote hula bure. Basi lako lisiposimama Makindu, shuka mwenyewe. Magari ya kuendelea na safari hayakosekani.