Ufa Usioonekana: Kutoka Nyundo ya Reli Hadi Shafti ya Ndege

Reli ya Kati ilipofika Morogoro mwaka 1907, mafundi wa reli duniani bado walitegemea nyundo na sikio. Gurudumu liligongwa, likilia vizuri, safari iliendelea. Likitoa sauti butu, behewa lilichomolewa. Hofu yao haikuwa ya bure: Mei 1842, karibu na Versailles, Ufaransa, ekseli ya kichwa cha treni ilikatika na watu zaidi ya 50 wakafa.

Kwenye injini ya ndege nyundo haifui dafu. Shafti imejificha ndani kabisa, ikizungusha feni kubwa ya mbele kwa nguvu ya mapanga ya nyuma yanayosukumwa na gesi ya moto. Tarehe 28 Julai 2012, Boeing 787 mpya ilikuwa ikijaribiwa ardhini huko Charleston, Marekani, shafti ya injini yake ya GEnx ilipokatika. Vipande vya chuma cha moto vilirushwa nyuma, vikawasha nyasi za uwanjani. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye hesi za mbele, pale nati inapokazwa. Unyevu, kilainishi cha kuungia na mkazo usiolegea vilikuwa vimekidhoofisha chuma cha ndege ambayo haijabeba abiria hata mmoja.

Uamuzi mkubwa, kwa maoni yangu, ulikuwa kuzikagua injini ambazo hazikuwa zimelalamika. Mafundi walipitisha mawimbi ya sauti ndani ya shafti na kusoma mwangwi wake, kama mama mjamzito anavyopimwa kliniki. Agosti hiyohiyo wakabaini dalili za ufa kama ule kwenye 787 nyingine ambayo haijaruka kabisa. Septemba mamlaka ya anga ya Marekani ikaamuru kipimo hicho kirudiwe kila baada ya siku 90, na GE, kampuni iliyotengeneza injini hiyo, ikabadilisha mipako ya shafti.

Kenya Airways ilipopokea 787 yake ya kwanza Aprili 2014, yenye injini za GEnx, somo hilo lilikuwa limeshaandikwa. 787 ya kwanza ya Tanzania, iliyotua Julai 2018, inatumia Trent 1000 ya Rolls-Royce, injini iliyopata ugonjwa wa jamii hiyo: salfa ilikula mapanga ya tabaini hadi yakapata nyufa, na kampuni ikalazimika kuyasanifu upya.

Chuo Kikuu cha Mzumbe, kilichopo Morogoro hiyohiyo, hakifundishi ufundi wa ndege. Kinafundisha uhasibu na ununuzi, na historia hii inawahusu wanafunzi wake moja kwa moja. Ndege inayokaguliwa haiuzi tiketi siku hiyo, na kuna mtu ofisini atakayeombwa kusaini gharama hiyo kabla ufa haujaonekana.