Mapango Tuliyowapeleka Watoto: Kutoka Mangapwani hadi Mleiha



Kamati ya kitabu chetu cha mwaka imenitaka niandike habari za skuli za nyumbani kwa manufaa ya vijana waliozaliwa huku Ghuba. Nimechagua jambo moja tu, nalo ni safari za wanafunzi kwenda mapangoni. Mwisho wa maelezo yangu nitasema neno linalohusu ukoo wetu wenyewe, na nitalisema kwa idhini.

Sababu ya kulichagua jambo hili ilinijia hapa hapa Ras Al Khor. Jina hili halimhitajii Mswahili mkalimani: ras ni kichwa, na khor ni hilo hilo hori letu. Ni kichwa cha hori, pale maji ya bahari yalipokuwa yakikoma zamani kuingia Dubai. Upande mmoja yako maghala na viwanja vya magari, na mwanangu ana ghala lake la vipuri huko. Upande wa pili iko hifadhi ya ndege, yenye mikoko na matope kama ya Chwaka, ambayo mwaka 2007 iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Siku za baridi huja heroe kwa makundi, wakasimama majini kwa mguu mmoja. Mimi hupenda kukaa katika kibanda cha kutazamia ndege pamoja na wajukuu huku baba yao akimalizia kazi zake.

Siku moja mjukuu wangu wa kike, aliye darasa la saba, alikuja na karatasi ya skuli mkononi. Darasa lao lilikuwa limetoka Mleiha, katika nchi ya Sharjah, mwendo wa kiasi cha saa moja kwa gari. Walitembezwa katika kituo cha mambo ya kale kilichofunguliwa mwaka 2016, kisha wakapelekwa kuyaona mapango ya mlimani na mlima wa Faya. Huko wataalamu wamechimba zana za mawe za watu walioishi zaidi ya miaka 120,000 iliyopita, na mwaka 2025 mahali hapo paliingizwa katika Urithi wa Dunia. Karatasi ilikuwa na sehemu mbili, ya sayansi na ya maarifa ya jamii. Ya sayansi alikwisha ijaza. Ya pili ilisema: taja pango moja katika nchi ya asili ya familia yako, na ueleze lilitumiwa na nani na kwa kazi gani.

"Babu," akaniambia, "sisi kwetu tuna pango?"

Nikamjibu kwamba tunayo mengi. Halafu nikanyamaza, kwa sababu swali hilo nilikwisha ulizwa zamani na sikulijibu inavyopasa.

Pango la kwanza nililolijua mimi lilikuwa la chuoni. Kabla sijatia mguu skuli ya serikali, mwalimu wetu wa Kurani alitusimulia habari za vijana waliolala pangoni, na za pango la Hira alipokuwa akijitenga Mtume, rehema na amani zimshukie. Kwa hivyo kwangu mimi pango lilikuwa mahali pa usalama na pa kupatia ilimu. Nilipofika skuli ya sekondari ndipo nilipofahamu kwamba pango pia lina kemia yake.

Nilihitimu ualimu nikaanza kusomesha Unguja katika miaka ya 1980, sayansi na historia, madarasa ya kati. Vitabu vilikuwa haba, maabara hatukuwa nayo. Basi mimi na mwenzangu mmoja tukaona maabara iliyo wazi ni kisiwa chenyewe. Tulikuwa tukikodi gari la shamba, lile la bodi ya mbao, wazazi wakichanga kidogo kidogo. Watoto walichukua mihogo ya kuchemsha na chupa za maji, tukafuata njia ya Bububu kwenda kaskazini mpaka Mangapwani, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini.

Mangapwani pana mapango mawili, na huko ndiko tulikopata masomo mawili kwa safari moja.

La kwanza limefanywa na Mwenyezi Mungu. Ni uwazi mkubwa ndani ya jiwe la matumbawe, na chini kabisa yako maji matamu ya baridi. Wenyeji husimulia kwamba liligunduliwa na kijana mtumwa aliyekuwa akitafuta mbuzi aliyepotea, akamsikia akilia chini ya ardhi. Shamba, wasema, lilikuwa la tajiri Hamed bin Salim al-Harthy, na maji yale yakawa neema kwa watu na mifugo.

Hapo nilikuwa nikisomesha sayansi kwa ndimu. Kila mtoto alipewa kipande cha jiwe la chokaa lililopondwa, tukalikamulia ndimu, nalo likatoa mapovu. Nikawaambia: mvua inaposhuka huchukua hewa ya ukaa kutoka angani na udongoni, ikawa na ukali mdogo, mdogo sana kuliko wa ndimu. Lakini ndimu yetu ni ya dakika moja, na mvua ni ya maelfu ya miaka. Inapopenya katika nyufa za jiwe hulila taratibu mpaka ikafanya chumba. Watoto waliowahi kuona tanuu la chokaa kwao walifahamu mara moja, maana walijua kwamba jiwe lile silo jiwe la kawaida. Lilikuwa zamani nyumba za wadudu wa baharini. Na ikiwa matumbawe yako juu ya nchi kavu, basi ama bahari ilishuka ama nchi ilipanda. Swali hilo niliwaachia warudi nalo nyumbani.

Leo tungekuwa na jawabu pana zaidi la kuwapa. Kusini mashariki ya Unguja, karibu na Jambiani, liko pango la Kuumbi. Profesa Felix Chami alichimba huko mwaka 2005, na wataalamu wengine wakachimba tena mwaka 2012. Walikuta alama za watu waliokaa pale kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, na pamoja nao mifupa ya punda milia na nyati. Nani kati yetu aliwahi kusikia punda milia wa Unguja? Lakini zama zile za baridi kubwa maji mengi ya dunia yaliganda kuwa barafu, bahari ikashuka zaidi ya mita 100, na Unguja ikawa imeshikana na bara. Barafu ilipoyeyuka, kiasi cha miaka 10,000 na ushei iliyopita, mkondo ukafunga njia. Wanyama wakubwa walionaswa kisiwani wakatoweka. Pemba yenyewe haikushikana na bara zama hizo, kwa kuwa mkondo wake una kina kirefu mno. Na Ghuba hii tunayokaa, ambayo si ya kina kirefu, sehemu yake kubwa ilikuwa nchi kavu wakati huo huo. Mjukuu wangu nilipomwambia kwamba Mleiha na Jambiani ni somo moja, alifurahi sana.

Sasa nije kwenye pango la pili la Mangapwani, ambalo kwa hakika si pango. Ni chumba kilichochimbwa na mikono ya watu katika jiwe la pwani, kikaezekwa juu, na mlango wake uko chini ya ngazi. Kilichimbwa kiasi cha mwaka 1880, na mwenyewe hutajwa kuwa Mohammed bin Nassor al-Alwi. Mwaka huo ndio ufunguo wa somo. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukataza biashara ya watumwa kwa njia ya bahari tarehe 5 Juni 1873, na soko la Mkunazini likafungwa. Kitu kilicho halali hakifichwi chini ya ardhi. Chumba kile kilichimbwa kwa sababu biashara iliendelea kwa siri, watu wakishushwa usiku na kusubirishwa gizani mpaka wapate chombo au mnunuzi. Wengine walipelekwa mashamba ya karafuu, wengine walipakiwa na upepo wa kusi kuletwa huku kwenye mitende na kwenye kuzamia lulu.

Mwaka 1984 niliteremka mle na wanafunzi kama 30. Tulizima tochi kwa dakika moja ili wajue giza lile. Tulipotoka juani, kijana mmoja mpole, ambaye si kawaida yake kusema, aliniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, wazee wetu sisi walikuwa ndani au nje ya mlango?"

Nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya wakoloni na mabwanyenye, tena yamekwisha, tupande gari. Hakuniuliza tena. Wala hakuniuliza swali jingine lolote mpaka alipomaliza darasa langu.

Wasomaji wangu, nilijua kwamba nimemdanganya. Darasa lile lilikuwa na watoto wa kila kabila la Unguja, na jawabu la kweli lilikuwa kwamba wengi wetu tulikuwa na wazee ndani na wazee nje. Niliogopa. Miaka 20 tu ilikuwa imepita tangu Mapinduzi, na maneno kama hayo yalikwisha tenganisha watu na kumwaga damu. Hofu ile ilikuwa na sababu, lakini ndani yake niliificha aibu yangu mimi mwenyewe.

Shangazi yetu alitusimulia tulipokuwa wadogo kwamba mama yake babu yetu aliletwa Unguja akiwa mtoto, usiku, na pwani aliyoshushiwa hakupata kuijua maisha yake yote. Alikuwa na ndonya, alama ya watu wa upande wa Nyasa. Alikuwa suria. Sheria ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa Unguja haikuwagusa masuria. Wao walingoja mpaka mwaka 1909. Mtoto wa suria alizaliwa huru, akachukua nasaba ya baba, na ndiyo maana shajara yetu iliyochapwa katika kitabu hiki zaidi ya mara moja inaonyesha wanaume sita wanaofuatana na chini yao hamna mama hata mmoja.

Kabla ya kuandika nilimpigia simu dada yangu mkubwa, aliye Maskati, kumwomba idhini. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema: "Wataka watoto wetu wachekwe katika posa?" Nikamwambia, dada, nusu ya hao watakaocheka wana bibi kama wetu. Siku ya pili akanipigia mwenyewe. "Andika," akasema, "lakini usimwandike kuwa mtumwa tu. Andika kwamba ndiye aliyemlea babu, na kwamba alipokufa mtaa mzima ulimzika." Nami nimeandika.

Watu wengine husema, kwa nini tufukue? Isitoshe, si kila kinachoonyeshwa watalii ni sahihi. Hata vile vyumba vya chini vya Mkunazini wanahistoria wamevitilia shaka kama kweli vilikuwa vya watumwa. Hoja hiyo naikubali, na ndiyo sababu nataka watoto wafundishwe kupima: hili limefanywa na maji, hili na patasi, hili lina mwaka, hili ni hadithi ya mbuzi. Mtoto aliyezoea kupima ushahidi hatahadaika na anayekuza mambo wala na anayeyafuta.

Kwa hivyo natoa ushauri kwa familia zetu. Wanaokwenda Unguja likizo, wasiishie ufukweni Nungwi. Siku moja wawapeleke watoto Mangapwani, na nyingine Kuumbi. Wanaopitia Kenya, huko Kilifi liko pango la Panga ya Saidi, alikozikwa mtoto wa miaka kama mitatu yapata miaka 78,000 iliyopita, akalazwa ubavu kama aliyelala usingizi. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021, na wataalamu wakampa jina la Kiswahili, Mtoto. Walio Oman wanalo pango la Al Hoota karibu na Al Hamra, lililofunguliwa kwa wageni mwaka 2006, lenye samaki wasio na macho. Chukueni viatu vya kushika, tochi mbili, maji, na ndimu moja kwa kila mtoto, ya kukamulia kijiwe cha kuokota njiani, kwani la pangoni haliguswi. Mkikuta ubani au kitambaa cha wenye mizimu, msikishike. Pango lina wenyewe. Na mtoto akiuliza, ajibiwe papo hapo.

Mjukuu wangu tulikaa naye pale kibandani mpaka jua likataka kuzama, heroe wakaanza kuruka. Nilimweleza yote, na ya bibi yetu pia. Alifikiri, kisha akaandika kwa Kiingereza chake cha skuli, akanisomea kwa Kiswahili: "Pango la Mangapwani. Lilitumiwa na watu wa familia yangu, labda wa pande zote mbili." Akaniuliza kama ni sahihi. Nikamwambia alifute neno "labda" katika pande mbili, aliweke kwenye jina la pango. Akalihamisha.

Yule kijana wa mwaka 1984 sasa ni mtu mzima, naye huenda kitabu hiki kikamfikia, maana jamaa zake wengine wako huku. Ikimfikia, hili ndilo jawabu lake. Namwomba radhi kwa kuchelewa.

Wabillahi tawfiq.