Maji ya Rejeta: Historia Fupi ya Kuvuja, Kutoka Kitonga hadi Mkuza

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kule Rhodesia Kusini. Mwezi uliofuata Uingereza ikazuia mafuta yasiingie Rhodesia, na Smith naye akaikatia mafuta Zambia, ambayo ilikuwa ikiyapata kupitia kwake. Zambia ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, haina bahari, na migodi yake ya shaba haikuweza kwenda bila dizeli. Ikageukia Dar es Salaam. Mapipa yakapakiwa kwenye malori, na malori yakashika barabara ya Morogoro kuelekea Iringa, Mbeya na Tunduma. Yote yalipita hapa Mkuza, Kibaha, kilomita 40 hivi kutoka bandarini.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya historia, na Mkuza ndiko nilikokulia. Katika vitabu vyetu safari hizo husimuliwa kama habari ya siasa: ukombozi wa kusini mwa Afrika, kuundwa kwa kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania mwaka 1966, bomba la mafuta la TAZAMA lililoanza kazi mwaka 1968, kisha reli ya TAZARA. Nyumbani kwetu zilisimuliwa kama habari ya maji. Babu yangu mzaa mama alikuwa taniboi kwenye malori hayo kabla hajawa dereva. Kazi yake, alivyoieleza, ilikuwa kuweka jiwe nyuma ya tairi mlimani na kuhakikisha rejeta haikauki.

Sehemu kubwa ya njia baada ya Morogoro ilikuwa ya udongo: vumbi kiangazi, utelezi masika. Magazeti ya Kiingereza yaliipa jina la njia ya jehanamu. Mlima Kitonga, lori likiwa limeelemewa na mapipa, injini ilitoa joto jingi huku gari likitambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea, na upepo wa kulipoza haukuwapo. Maji yalichemka. Taniboi aliruka na dumu, akasubiri, akafungua mfuniko kwa kitambaa kinene, akajaza. Rejeta ikivuja, ilifungwa njiani kwa chochote kilichokuwapo mpaka ipatikane gereji.

Na gereji iliweza. Hili ndilo jambo ambalo wanaolaumu mafundi hulisahau. Rejeta za wakati ule zilikuwa za shaba nyekundu na shaba nyeupe, na metali hizo hukubali kulehemiwa. Fundi alihitaji moto, risasi ya kulehemu na mkono uliozoea. Angeweza kuufungua mrija uliooza, akauziba, akairudisha rejeta barabarani siku hiyohiyo. Injini nazo zilikuwa za chuma juu hadi chini, hivyo zilistahimili kuchemka mara moja au mbili bila kupinda. Maji ya kisima yalitosha. Kanuni ya babu ilitokana na vyuma hivyo: angalia maji alfajiri, yakipungua jaza, safiri.

Miaka ya mwanzo ya 1980 iliupima uwezo huo. Fedha za kigeni ziliadimika baada ya vita vya Kagera na bei ya mafuta kupanda. Vipuri vikawa vya kupigania, na mwaka 1983 vita dhidi ya walanguzi ikatangazwa. Nchi ilijaribu kujibu kwa viwanda, na Kibaha ilikuwa mahali pa majibu hayo: TAMCO iliunganisha malori ya Scania, na mwaka 1985 kikaanzishwa rasmi kituo cha teknolojia ya magari, ambacho wote tunakiita Nyumbu kwa jina la lori lake. Lakini yaliyoyaweka magari mengi barabarani yalikuwa magereji bubu, yale ya chini ya mwembe yasiyo na kibao. Mwanahistoria Joshua Grace ameandika juu ya mafundi hao katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, akionesha kwamba Watanzania hawakupokea gari tu kama kitu cha wageni. Walilijenga upya kwa ujuzi wao wenyewe.

Kisha chuma kikabadilika. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, watengenezaji wa magari duniani walitafuta wepesi, kwa sababu gari jepesi hunywa kidogo. Alumini ikaenea kwenye vichwa vya injini, yaani hedi. Rejeta nazo zikawa za alumini, na matangi yake ya juu na chini yakawa ya plastiki yaliyobanwa kwa meno madogo ya bati. Mshtuko uleule wa mafuta ulioikausha Tanzania fedha za kigeni ulisaidia kuzaa gari ambalo fundi wa Tanzania asingeweza kulilehemu.

Magari hayo hayakutufikia mara moja. Mwaka 1984 serikali ilianza kuwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zimetoka wapi, na kadiri biashara ilivyozidi kufunguliwa, magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Yalikuja yakiwa na miaka mingi mgongoni, na plastiki ya rejeta imeshaanza kukakamaa. Yalikuja pia na kimiminika cha rangi, cha kijani au chekundu, ambacho wengi wetu tulikiona kama dawa ya theluji. Nchi ya joto ina haja gani na dawa ya theluji? Basi kikamwagwa, yakawekwa maji. Thamostati nayo iling'olewa kwa hoja hiyohiyo.

Lakini kulanti si ya theluji peke yake. Hupandisha kiwango cha kuchemka, na ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu. Alumini na chuma vikikaa pamoja ndani ya maji yenye chumvi hufanya kazi kama betri dhaifu, na alumini ndiyo inayoliwa. Tena alumini hutanuka karibu maradufu ya chuma ikipata joto, kwa hiyo injini ikichemsha, hedi hujikunja juu ya bloku na gasketi iliyo katikati huungua. Maji hupenya kwenye oili. Kuvuja kwa tone moja moja huishia kuwa injini mezani.

Ndivyo ilivyomkuta mama yangu mdogo, anayefuga kuku wa mayai hapa Mkuza na kupeleka trei Mbezi na Manzese kwa gari dogo la Kijapani. Kwa wiki kadhaa maji yalikuwa yakipungua, naye kila alfajiri alijaza, kama alivyofundishwa na baba yake. Gari lake halina mshale wa joto. Lina taa tu. Tena maji yakiisha kabisa, kitambuzi kilichobaki hewani kinaweza kushindwa kusoma joto la injini. Taa haikuwaka. Gari lilizimikia kwenye foleni ya Kibamba, trei zikiwa nyuma.

Nilikuwapo fundi alipompa majibu. Ni kijana wa rika langu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Niambie."

"Hedi imepinda, mama. Itabidi ikasawazishwe kwenye mashine, tuweke gasketi mpya. Na rejeta hii haizibiki."

"Haizibiki vipi? Marehemu baba yangu alikuwa anaziba rejeta porini."

"Zile zilikuwa shaba, mama. Hii ikipasuka plastiki, ni kununua nyingine."

Ilikuja jumla ya shilingi 640,000. Ada ya fundi ilikuwa sehemu ndogo. Kubwa ilikwenda kwenye rejeta iliyong'olewa kwenye gari jingine huko Japani, gasketi, na mashine ya kusawazisha hedi mjini. Mama mdogo aliuza kuku 80 waliokuwa bado wanataga. Majirani walimwambia ameibiwa. Wengine walimwambia mafundi wa siku hizi hawajui kazi.

Nikiwa mtu wa historia, siwezi kukubaliana nao. Babu alipokuwa njiani, fedha ya kuziba tundu ilibaki mikononi mwa fundi wa hapahapa, kwa sababu alichouza kilikuwa ujuzi. Leo sehemu kubwa ya fedha hiyo inapita kwake tu ikielekea bandarini. Kijana yule hajui kidogo kuliko waliomtangulia. Ameachiwa chuma kisichomsikiliza. Na mama mdogo hakuwa mzembe. Alifuata kwa uaminifu kanuni iliyokuwa sahihi kabisa kwa lori la mwaka 1967, bila mtu kumwambia kwamba vyuma vilivyoizaa kanuni hiyo vimeondoka.

Ni hasara ambayo haina mkosaji wa kumkamata, na nadhani ndiyo maana huishia kwa watu kutukanana gereji. Tunarithi mazoea pamoja na vitu, lakini vitu hubadilishwa mbali na sisi na mazoea hubaki nyumbani. Chupa ya kulanti ingemgharimu bei ya kuku wachache tu. Mrija uliokuwa ukidondosha, kama ungeangaliwa wiki ya kwanza, pengine ungemgharimu mmoja.

Mwembe wa gereji ile upo, na chini yake mafundi wazee wawili bado hulehemu rejeta za malori ya zamani. Mama mdogo naye ameshaanza kulea vifaranga wapya. Siku hizi akifunua boneti alfajiri na kukuta kimepungua, hajazi kwanza. Anachukua tochi, anapiga magoti mchangani, na kutafuta kinakopitia.