Hoja ya Mshindwa: Siasa na Usimulizi katika Filamu ya Black Panther

T'Challa, mfalme Mwafrika aliyebuniwa na Wamarekani Stan Lee na Jack Kirby, alizuka katika jarida la vibonzo la Fantastic Four mnamo Julai 1966. Oktoba mwaka huo huo, Huey Newton na Bobby Seale waliasisi chama cha Black Panther mjini Oakland. Jina la mhusika, basi, halikutokana na chama, ingawa wengi hudhani hivyo. Kinyume chake, mnamo 1972 T'Challa alijiita Black Leopard kwa muda, kwa kuwa jina la awali lilikuwa limeingiliwa na siasa za Marekani.

Filamu ya Ryan Coogler ya 2018 inaukabili uhusiano huo uliokwepwa. Oakland, mwaka wa 1992, mfalme T'Chaka anamwua nduguye na kumtelekeza mwana wa marehemu. Mwana huyo, Killmonger, anarejea Wakanda akiwa mtu mzima na kutwaa kiti cha enzi kwa pambano linaloruhusiwa na mila. Dai lake ni kwamba Wakanda ilificha utajiri na silaha zake huku watu weusi wakiuzwa utumwani na kutawaliwa.

Hakuna mhusika anayelikanusha dai hilo. Msuko ndio unaofanya kazi ambayo mjadala haukuifanya: Killmonger anamwua mpenzi wake, anamkaba mama mzee, anateketeza bustani ya mitishamba ya kifalme. Hoja haijibiwi, mwenye hoja ndiye anayechafuliwa. Tena, ndege zinazobeba silaha kwa wanyonge zinatunguliwa na Ross, jasusi wa Marekani, naye hadhira inatarajiwa kumshangilia. Kwa filamu iliyoanzia Oakland, ambako chama cha Newton kiliandamwa na vyombo vya dola hiyo hiyo, ni vigumu kuliona hilo kama sadfa tupu.

Msimamo unaoshinda ni wa Nakia, anayeigizwa na Mkenya Lupita Nyong'o: kusaidia walimwengu bila kuwapa silaha. T'Challa ananunua majengo Oakland ili yawe kituo cha misaada. Mapinduzi yamegeuzwa kuwa hisani.

Hata hivyo, Coogler hamwachi mshindwa afe kama jambazi. Killmonger anatazama jua la Wakanda likitua, anakataa tiba itakayomfikisha kifungoni, na kuomba azikwe baharini pamoja na wahenga waliojitosa kutoka merikebu za watumwa. T'Challa, aliyemchoma kisu, anabaki kimya kando yake.