Kilichoua Gari la Umeme Mara ya Kwanza

Wasee, mjomba wangu anaendesha teksi hapa Nairobi na anataka kununua Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani. Swali lake la kwanza: "Inaenda kilomita ngapi?" Nikamwambia, mjomba, Wamarekani waliuliza hivyo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na si umbali peke yake uliowashinda.

Mwaka 1900, karibu theluthi moja ya magari Marekani yalikuwa ya umeme. Hayakuwa na moshi wala kelele, na hukuhitaji kuzungusha hendeli kwa mkono ndio yawake. Detroit Electric, iliyoanza kuundwa 1907, ilitangazwa kwenda maili 80 kwa chaji moja, yaani kama kilomita 130. Leaf ya kwanza iliyouzwa Marekani, karne nzima baadaye, ilipimwa ikapata maili 73. Sawa, Detroit ilitembea pole pole, kama kilomita 32 kwa saa, na tangazo si kipimo. Lakini kwa mizunguko ya mjini ilitosha kabisa. Hata Clara, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha Detroit Electric!

Sasa mbona lilikufa? Kwanza, bei. Mwaka 1912 gari dogo la umeme liliuzwa dola 1,750, na la petroli dola 650. Ford naye akazidi kushusha bei ya Model T. Mwaka huo huo Cadillac ikaleta stata ya umeme, hendeli ikaisha kazi. Pili, chaji. Ukitoka mjini hakukuwa na stima, lakini petroli unaweza kuibeba kwenye mkebe.

Kuna watu walijaribu kutatua hilo. Kule Hartford, kuanzia 1910 hadi 1924, kampuni ya stima iliwapa wenye malori betri za kubadilisha. Unanunua lori bila betri, unalipia maili ulizotembea. Unaona hiyo? Ndiyo hii tunaona leo boda ya umeme ikiingia kituoni, inaacha betri iliyoisha, inatoka na iliyojaa. Sisi tunaiita teknolojia mpya.

Kwa hivyo ukilinganisha magari haya, usikwame kwa kilomita. Uliza bei ukijumlisha na hali ya betri: kwenye dashibodi ya Leaf kuna vijistari 12 vya afya ya betri, vikipungua, ile kilomita uliyoahidiwa pia imepungua. Halafu uliza gari litalala wapi. Mjomba anaishi ghorofa ya nne, na gari lake hulala kando ya barabara. Hapo hata betri ya kilomita 400 haimsaidii kama hana pa kuchomeka waya usiku.

Bado hajanunua. Ameenda kuongea na landilodi kwanza.