KWA AJILI YETU, KWA MIKONO YETU
Historia ya alama moja ya nguo, na yanayotupasa sisi wakulima wa pamba

Kitabu hiki cha ukumbusho kimejaa habari za mizani, maghala na mashine za kuchambulia pamba, na ndivyo ipasavyo, maana kwa muda wa miaka kumi hizo ndizo zilizokuwa kazi zetu. Lakini katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao limo shauri ambalo halijapata kuletwa mbele ya wanachama: kwamba Chama chetu Kikuu kikope fedha kwa kuweka rehani ghala letu kubwa, ili sehemu ya pamba yetu isokotwe, ifumwe na kushonwa fulana zenye alama ya Chama, za kuuzwa kwa vijana wa mijini. Wako wanaolipenda shauri hilo, na wako wanaoliogopa. Sisi katika ofisi ya Katibu tumeona vema kwamba, kabla kura hazijapigwa, wanachama wasome historia ya watu wengine waliokwisha pita njia hiyo. Tumechagua historia ya vijana wanne wa mji wa New York, Marekani, kwa kuwa walianza na mtaji mdogo mno, wakapanda juu sana, kisha wakashuka. Na katika kupanda kwao na kushuka kwao mna mafunzo.

Kwanza twaomba wanachama waikumbuke hesabu ya zao letu. Katika kila kilo 100 za pamba mbegu hutoka yapata kilo 35 hadi 40 za nyuzi. Zinazobaki ni mbegu na takataka. Fulana moja nyepesi ina uzito wa gramu 150 hadi 200. Basi pamba ya mkulima iliyomo ndani ya fulana moja yakaribia nusu kilo tu, au zaidi kidogo ukihesabu kinachopotea kiwandani. Kila mtu aijua bei ya nusu kilo ya pamba mizanini, na kila mtu aijua bei ya fulana dukani. Sehemu ya tofauti hiyo ni ujira wa wasokotaji, wafumaji, washonaji na wachukuzi. Lakini fulana mbili zilizotoka katika kiwanda kimoja, kwa kitambaa kimoja, huweza kuuzwa kwa bei mbili zisizokaribiana, kwa kuwa mojawapo ina jina kifuani. Jina hilo ndilo tunalotaka kulichunguza.

Nguo tunazozinena ni zile ambazo vijana huvaa mitaani kila siku: fulana, jezi, kofia, suruali pana. Zamani wafanya biashara wakubwa wa mavazi hawakuzihesabu kuwa kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko California, fundi wa kuchonga mbao za kutelezea mawimbini, Bwana Shawn Stussy, alikuwa akiandika jina lake kwa mkono juu ya kila ubao. Akalichapa jina lile lile juu ya fulana apate kuzitangaza mbao zake. Watu wakazigombea fulana kuliko mbao. Hivyo yeye na wenziwe wakaonyesha kwamba mtu asiye na kiwanda aweza kuwa na alama, na alama ikamlisha.

Upande wa pili wa nchi hiyo, katika wilaya ya Queens mjini New York, uko mtaa uitwao Hollis, ambao wakazi wake wengi ni watu weusi. Katika mtaa huo walitokea waimbaji wa Run-DMC, ambao mwaka 1986 waliimba wimbo wa kuvisifu viatu vya Adidas, kampuni ya Ujerumani. Viatu vikazidi kutakwa, na kampuni ikafunga mkataba nao. Vijana wa Hollis waliyaona hayo kwa macho. Waliona kwamba nguo wanazozichagua wao leo ndizo watakazozitaka wengine kesho. Lakini makampuni yaliyozishona na kupata faida hayakuwa yao.

Mwaka 1989, mjini Los Angeles, Bwana Carl Jones alikuwa ameanzisha alama ya Cross Colours, akimshirikisha Bwana T.J. Walker, ili kuwashonea nguo vijana weusi. Nguo zao zilipendwa upesi mno. Lakini mzigo mkubwa wa bidhaa zao ulipitia kwa mnunuzi mmoja, kampuni ya maduka iitwayo Merry-Go-Round. Mwaka 1994 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa sheria ya waliofilisika, na Cross Colours ikaanguka pamoja nayo, ijapokuwa watu walikuwa wangali wanazitaka nguo zake. Wakulima hawahitaji kuelezwa sana maana ya habari hii. Anayeuza kwa mnunuzi mmoja amefunga mtumbwi wake kwenye mtumbwi wa mwingine.

Sasa twafika kwa wale wanne. Bwana Daymond John, aliyezaliwa mwaka 1969, alilelewa Hollis na mama yake, naye ndiye aliyemfundisha kushika cherehani. Mwaka 1992 kijana huyo aliona madukani kofia za sufu zilizofungwa kwa juu, zikiuzwa kwa dola 20, akaona bei hiyo imezidi. Yeye na jirani yake, Bwana Carlton Brown, wakashona kofia kadhaa za namna hiyo nyumbani, wakaenda kusimama barabarani na kuziuza kwa dola 10 moja. Kwa siku moja wakapata yapata dola 800. Wakajiunga nao Bwana J. Alexander Martin na Bwana Keith Perrin, wakaipa alama yao jina FUBU. Ni herufi za kwanza za maneno manne ya Kiingereza ambayo maana yake ni: kwa ajili yetu, kwa mikono yetu.

Wanachama watambue kwamba hawakuanza kwa deni. Walianza kwa kofia chache na barabara yenye watu wengi, wakajua kwanza kama bidhaa yatakiwa. Tena Bwana John hakuacha kazi ya mshahara. Kwa miaka kadhaa aliendelea kuwa mhudumu katika mkahawa wa Red Lobster, na saa zilizobaki akazitumia kushona, kufunga vifurushi na kuvipeleka.

Matangazo yalikuwa ghali, nao hawakuwa na fedha za matangazo. Basi walitengeneza jezi chache tu, wakawa wakizipeleka kwa waimbaji wa rap waliokuwa wakipigwa picha za nyimbo zao, na picha zikiisha wakizichukua jezi zile zile kumpelekea mwimbaji mwingine. Watazamaji wakaiona alama hiyo mara kwa mara katika televisheni, wakadhani ni ya kampuni kubwa. Mwaka 1993 mwimbaji mashuhuri LL Cool J, aliyekulia upande ule ule wa Queens, alikubali kupigwa picha akiwa amevaa fulana yao. Alikuwa mwenyeji wao, na mlango wake waliufahamu. Msaada wa kwanza ulitoka kwa jirani, kama utokavyo vijijini kwetu.

Mwaka 1994 walikwenda Las Vegas kwenye maonyesho makubwa ya biashara ya nguo yaitwayo MAGIC. Hawakuwa na uwezo wa kulipia kibanda cha maonyesho, wakawaalika wanunuzi katika chumba chao cha hoteli. Walirudi nyumbani na maagizo ya nguo yenye thamani ya dola 300,000.

Hapo twawaomba wanachama wasome polepole. Maagizo si fedha. Mwenye duka hulipa baada ya kupokea nguo, ilhali mwuza kitambaa na mshonaji wataka kulipwa kabla. Kwa hiyo alama inayopendwa huweza kufa kwa kupendwa, ikiwa haina fedha za kungojea. Bwana John ameeleza kwamba benki 27 zilimkatalia mkopo. Katika miaka hiyo nyumba ya mama yake iliwekwa rehani kwa dola 100,000, na vyumba vikageuzwa kuwa kiwanda cha cherehani. Hata fedha hizo zilikaribia kwisha. Ndipo mama akatoa tangazo gazetini kutafuta mwenye mtaji, na miongoni mwa waliojibu ikawamo idara ya nguo ya Samsung, kampuni ya Korea. Kwa mkataba huo FUBU ilipata viwanda, fedha na njia ya kufika katika maduka makubwa, na kuanzia hapo ilikuwa na mshirika wa kugawana naye faida. Nyumba ya mama ilisalimika. Lakini ilisalimika kwa nafasi nyembamba, na mwenye busara hachukui wokovu wa mwenzake kuwa ahadi kwake.

Baada ya hapo ukaja wakati wa kupanda. Mwaka 1997 LL Cool J alialikwa kutangaza nguo za kampuni kubwa ya Gap. Akatokea katika tangazo hilo amevaa kofia ya FUBU, na katika maneno yake ya kuimba akalitia jina la wenzake. Gap ikawa imelipia tangazo la vijana wa Hollis. Mwaka 1998 mauzo ya FUBU yalitajwa kufika yapata dola milioni 350.

Na ndani ya kupanda huko mlikuwa na mbegu ya kushuka. Bidhaa zilitengenezwa nyingi kuliko watu waliozitaka. Zilizobaki maghalani zikauzwa kwa bei ya kupunguza, na mtu aliyelipa bei kamili jana akaiona nguo yake leo imerundikwa kwa bei ya kutupa. Vijana, ambao ndio waliolipa jina hilo nguvu, wakageukia majina mengine. Kufika mwaka 2003 FUBU ilikuwa imepunguza sana biashara yake Marekani na kutegemea zaidi masoko ya nchi nyingine. Jina halikufa, lakini halikurudia cheo kile.

Wengine walichukua njia nyingine. Mwaka 1994 Bwana James Jebbia alifungua duka dogo la Supreme katika barabara ya Lafayette, New York. Yeye alitoa kila nguo kwa idadi ndogo, zikaisha zingali zatakwa, na watu wakajipanga mlangoni. Jina hilo halikushushwa na wingi. Lakini mwaka 2020 liliuzwa kwa kampuni ya VF kwa zaidi ya dola bilioni 2, na mwaka 2024 likauzwa tena kwa kampuni nyingine kwa dola bilioni 1.5. Alama ilitunzwa vizuri, ila uhuru wake ulikwenda kwa wenye hisa wa mbali. Basi kuna hasara mbili: kupoteza jina, na kupoteza umiliki wa jina.

Sisi wakulima wa pamba hatuko mbali na historia hii kama inavyodhaniwa. Fulana zenye majina ya Marekani hutufikia ndani ya marobota ya mitumba, nasi huzivaa tukipalilia pamba. Tena maneno yale manne ya vijana wa Hollis wazee wetu waliyatenda kabla hao hawajazaliwa. Wakulima wa Kanda ya Ziwa walipochoka na mizani ya wanunuzi waliweka wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Victoria, wakiwa na kiongozi wao Paul Bomani. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, nasi ni wajukuu wa kazi hiyo. Mizani ilikuwa kwa ajili yetu na kwa mikono yetu. Lakini mizani hupima tu kile kilichopo, haikiongezei thamani.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, shauri la fulana lisikataliwe, wala lisipitishwe kama lilivyoandikwa. Twapendekeza mambo manne. La kwanza, alama ya Chama isajiliwe kwa jina la Chama, na kanuni iwekwe kwamba haiuzwi wala haikodishwi bila kura ya Mkutano Mkuu. La pili, fulana za kwanza zishonwe chache, kwa fedha za akiba ambazo tukizipoteza hatutaanguka, ziuzwe minadani na mijini, tuone kama zatakwa. La tatu, maagizo yakija, yatoke kwa wanunuzi wengi, na mnunuzi atakiwe kutanguliza sehemu ya bei. La nne, ghala lisiwekwe rehani katika mwaka wa kwanza. Mama wa Hollis aliweka rehani nyumba iliyokuwa yake mwenyewe, na uamuzi ulikuwa wake. Ghala hili ni la kila mwanachama aliyekatwa ushuru msimu baada ya msimu, wakiwamo wajane na wazee ambao hawatavaa fulana hizo kamwe.

Miaka kumi imetufundisha kuuza pamba pamoja. Wanachama watakapoinua mikono yao siku ya Mkutano, wataamua kama miaka kumi ijayo itatufundisha kuuza jina letu pia. Na jina, tofauti na pamba, likiisha kuharibika halipandwi upya mvua zikinyesha.