Jibu Nililolichelewesha

Hapa Kiseke, jua la mchana huyachoma mawe ya vilimani hata mguu mtupu usiweze kuyakanyaga. Kila nikiliona jua hilo hukumbuka deni langu.

Jumamosi ya tarehe 16 Februari 1980, jua lilipatwa. Kivuli kamili cha mwezi kilipita Angola, Zaire, Tanzania na Kenya, kikaelekea India. Sisi wa Mwanza tuliliona likimegwa sehemu tu. Jumatatu nikawaeleza wanafunzi kwamba penye giza kamili huonekana taji jeupe kuuzunguka mwezi, yaani korona, hewa ya nje ya jua. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, taji hilo lina joto kiasi gani?" Nikamjibu, "Ukienda mbali na jiko, joto hupungua. Kaa chini." Darasa likacheka. Mwaka ule hakuuliza tena.

Kumbe jibu lilikuwapo kabla sijazaliwa. Mwaka 1869 wataalamu wa Marekani waliona katika korona mwanga wa kijani usiojulikana. Ukadhaniwa ni wa elementi mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Bengt Edlén wa Uswidi, akifuata njia iliyofunguliwa na Mjerumani Walter Grotrian, alionyesha kuwa ni chuma kilichopoteza elektroni 13. Chuma hakifiki hali hiyo pasipo joto la nyuzi milioni na zaidi, ilhali uso wa jua una nyuzi 5,500 hivi tu!

Basi wataalamu wakaanza kulichora joto hilo. Chuma kilichopoteza elektroni 9 hutoa mwanga mwekundu, dalili ya nyuzi milioni moja hivi. Ule wa kijani ni dalili ya karibu milioni mbili. Picha za rangi hizo zikilinganishwa, huonekana wapi pana joto zaidi. Ndiyo sababu jua linapopatwa watu husafiri mbali. Tarehe 30 Juni 1973 wanasayansi wa kigeni walipiga kambi Loiyangalani, Kenya, kando ya Ziwa Turkana, wakati huo likiitwa Rudolf. Mwaka 2021 chombo cha Marekani, Parker Solar Probe, kiliingia ndani ya korona yenyewe. Hata hivyo, namna joto hilo linavyopanda bado inabishaniwa.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwasimulia walimu wanafunzi kisa hiki kila mwaka. Niliwaambia kwamba kutojua si aibu; aibu ni kumkalisha chini anayeuliza. Yule kijana sijui yuko wapi. Akiusoma ukurasa huu, ajue kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu.